Mzururaji ni Nani? Maneno ya Kutangatanga, Sheria na Mitaa ya Eastlands

Utangulizi

Watu wawili wanaweza kupita njia moja, saa moja, kwa mwendo mmoja, na bado mmoja akaitwa msafiri na mwenzake akaitwa mzururaji. Tofauti yao haimo miguuni. Imo kinywani mwa yule anayewataja. Makala haya yanashikilia kwamba neno 'mzururaji', kama linavyotumika leo katika Kiswahili cha Kenya, limetwishwa mzigo usio wake: mzigo wa sheria iliyotungwa Uingereza, ikapewa jina lenye asili ya Kilatini, kisha ikatuliwa juu ya migongo ya watu waliojenga na kukaa katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Yanashikilia pia kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana deni la kulipa katika suala hili, kwa kuwa kamusi zao zinaendelea kumhukumu mtembea kwa miguu hata pale ambapo mahakama zimekwisha kumwachilia.

Maneno ya Kilatini na mavazi ya Kiingereza

Ili kuuelewa mzigo huo, sharti turudi nyuma hadi Roma. Kilatini kilikuwa na kitenzi 'vagari', yaani kutangatanga, na kivumishi 'vagus', yaani asiyetulia mahali pamoja. Mzizi huu mmoja umezaa ukoo mkubwa katika Kiingereza, na wengi wa wanaukoo hao wamekwisha kuzikwa. Katika karne ya 17 wasomi wa Uingereza walikuwa na hamu kubwa ya kukipamba Kiingereza kwa maneno ya Kilatini. Walichukua neno la Kirumi, wakalivisha mwisho wa Kiingereza, wakalitia katika kamusi zilizokusanya maneno magumu, kama ile ya Thomas Blount iliyochapishwa mwaka 1656. Ndipo yalipotokea maneno kama 'solivagant', yaani anayetangatanga peke yake, na 'noctivagant', yaani anayetangatanga usiku. Leo Mwingereza wa kawaida akiyasikia maneno hayo atadhani ni majina ya dawa.

Maneno mengine ya ukoo huo hayakufa, bali yalihama. 'Vagary' lilipoingia katika Kiingereza karne ya 16 lilimaanisha matembezi yasiyo na njia maalumu. Sasa linamaanisha kigeugeu cha moyo au cha hali ya hewa. 'Extravagant' lilimaanisha yule anayetangatanga nje ya mipaka yake, na Shakespeare alilitumia kwa maana hiyo katika tamthilia ya Hamlet, akikizungumzia kizuka. Sasa ni sifa ya mbadhirifu wa mali. Hata 'vague', neno la jambo lisiloeleweka barabara, ni mtoto wa 'vagus': wazo linalotangatanga.

Kitenzi kingine cha Kilatini, 'errare', kilikuwa na maana ya kutangatanga pia, na kutoka kwacho Kiingereza kilipata jina la kosa. Aliyetoka njiani akawa amekosea. Kiswahili hakiko mbali na fikra hii, kwa kuwa kwetu aliyepotea njia na aliyepotea kimaadili hubeba jina moja la mpotevu. Kwa upande mwingine kuna 'peregrinus', neno linalotokana na 'per' na 'ager', yaani mtu aliyekuja kwa kupita mashamba, mgeni. Huyu alipanda cheo. Kupitia Kifaransa akawa hujaji anayekwenda mahali patakatifu, na watu wakampisha njia kwa heshima.

Tunaona basi kwamba neno la kutangatanga linaweza kupanda au kushuka, na kwamba linapofanya hivyo halijiendeshi lenyewe. Hujaji alipandishwa na kanisa. Je, ni nani aliyemshusha yule mwingine?

Sheria ilivyolitwaa neno

Jibu limo katika historia ya sheria. Wakati wasomi walipokuwa wakicheza na 'solivagant' vitabuni, neno 'vagabond', lenye asili ya 'vagabundus', lilikuwa tayari limo mikononi mwa askari na mahakimu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1547 iliagiza kwamba mtu mwenye nguvu asiye na kazi apigwe chapa ya moto ya herufi V na kufanywa mtumwa kwa miaka miwili. Sheria hiyo haikudumu, lakini fikra yake ilidumu. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilitunga sheria nyingine iliyowagawa maskini wasio na makao katika mafungu ya wavivu, walaghai na watangatangaji, na maneno yake yakanakiliwa katika sheria za jinai za makoloni mengi ya Kiingereza, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Inafaa kutambua jinsi historia ilivyoyatenda maneno ya ukoo mmoja. Maneno yaliyobuniwa kueleza namna mbalimbali za kutembea, la mtembea-peke-yake na la mtembea-usiku, yalikufa kwa kuwa hayakuwa na mtaa wa kuyasema. Neno lililokuwa na askari nyuma yake likaishi, likavuka bahari, likafika hata katika nchi ambazo wenyeji wake hawakuwa wamesikia Kilatini maishani mwao.

Katika Kenya ya kikoloni sheria ya uzururaji ya mwaka 1920 ilimpa askari uwezo wa kumkamata Mwafrika aliyeonekana mjini bila kazi wala makao yaliyotambuliwa. Sheria hiyo haikusimama peke yake. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilikuwa imepitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi akatakiwa kubeba kipande. Hiki kilikuwa karatasi yenye jina lake, alama za vidole na habari za waajiri wake, nacho kilitiwa ndani ya kibweta cha chuma na kuning'inizwa shingoni.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kutua hapa na kuyatazama maneno mawili. 'Kipande' kwa asili ni sehemu ndogo ya kitu: kipande cha mkate, kipande cha ardhi. 'Kibarua' kwa asili ni barua ndogo, yaani ile karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa ili ahesabiwe ujira wake, na baadaye likawa jina la kazi yenyewe na la mwenye kuifanya. Maneno yote mawili ni ya karatasi. Aliyekuwa nayo alikuwa mtu wa kazi. Aliyeikosa alikuwa mzururaji. Si mwendo wake uliompa jina hilo, wala nia yake, wala tabia yake. Lilitoka katika karatasi aliyokosa. Hadi leo wazee wengi wa Nairobi huita kitambulisho cha taifa 'kipande', ingawa kile cha shingoni kilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1940.

Watu hawakukaa kimya. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomfanya Harry Thuku kuwa maarufu jijini. Alipokamatwa Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na tarehe 16 mwezi huo askari wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja watu 21 waliouawa. Waliokufa siku ile walikuwa wameikataa sheria iliyotaka hatua zao ziombewe ruhusa.

Mitaa iliyojengwa na watembea kwa miguu

Mtu anayetaka kuisoma historia hii si lazima aende maktaba. Anaweza kuisoma katika majina ya mitaa ya Eastlands.

Kariokor ni tamko la wenyeji la jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kama ilivyo kwa Kariakoo ya Dar es Salaam. Maelfu kwa maelfu ya wanaume walitembea kutoka bara hadi kusini mwa Tanganyika wakiwa na mizigo kichwani, na wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa. Hakuna aliyewaita wazururaji, maana walitembea kwa amri. Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, una jina linalomkumbusha msemaji wa Kiswahili kupumua na kupumzika. Shauri Moyo ulipokea wakazi waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyeji husimulia kwamba jina hilo latokana na uamuzi mzito ulioachiwa moyo wa kila mtu. Soko la Burma nalo lakumbusha askari waliorudi kutoka vita vya Asia baada ya 1945. Kwa ufupi, ramani ya Eastlands ni orodha ya safari.

Hata hivyo, mitaa hii ndiyo iliyopekuliwa zaidi kwa ajili ya kuwatafuta wasio na ruhusa ya kuwa mjini. Upekuzi mkubwa kuliko wote ulianza tarehe 24 Aprili 1954, pale majeshi ya serikali ya kikoloni yalipolizingira jiji katika operesheni iliyoitwa Anvil na kuwazuilia zaidi ya watu 20,000, wengi wao wakiwa Wagikuyu, Waembu na Wameru. Mtu alitolewa nyumbani kwake, akachungulia karatasi zake kwa hofu, akasubiri kuambiwa iwapo yeye ni mkazi au la.

Wanawake walikuwa na sehemu yao katika msamiati huu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu ukahaba katika Nairobi ya kikoloni, anaeleza jinsi wanawake wenyewe walivyotofautisha namna za kazi yao kwa maneno ya Kiswahili: malaya, aliyewangoja wateja chumbani mwake, wazi-wazi, aliyekaa nje ya mlango, na watembezi, waliowatafuta wateja barabarani. Neno 'mtembezi' halikuwa na ubaya wowote kwa asili. Mtembezi wa methali hula miguu yake, basi. Lakini mjini, mwanamke aliyetembea peke yake alionekana ana jambo, na kitenzi kisicho na hatia kikageuka kuwa shtaka. Ni jambo la kufikirisha kwamba kanuni ndogo za jiji la Nairobi za mwaka 2007 bado zilihesabu kuwa kosa kusimamasimama mahali pa umma kwa nia ya ukahaba. Nia imo moyoni, askari yuko barabarani. Kinachoonekana ni mwanamke aliyesimama.

Hazina ya Kiswahili

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Kiswahili kilikuwa kinangoja sheria ya Mwingereza ili kijue kutofautisha hatua za watu. Hazina yake ni pana kuliko ile ya wasomi wa karne ya 17, na bora zaidi ni kwamba iko hai.

Kutangatanga ni kwenda bila mahali pa kutua, na aghalabu neno hili humwonea huruma anayetangatanga. Tunasema yatima wanatangatanga, wakimbizi wanatangatanga. Wengi huhisi pia mwangwi wa 'tanga' la chombo, linalokwenda upepo unakolisukuma. Kurandaranda ni kwenda na kurudi mahali pamoja, na magazeti ya Kenya hulipenda neno hili yanapoandika juu ya watoto wa mitaani. Kuzengea ni kuzunguka karibu na kitu kwa kukitaka. Kuhangaika ni kwenda huku na huko kwa dhiki. Kuvinjari ni kupitapita kwa kuangalia, kama chombo cha ulinzi baharini. Zurura lenyewe, kwa sauti zake, ni jirani wa 'zuru', kitenzi chenye asili ya Kiarabu kinachotumika kwa wageni wa heshima na kwa ziara za makaburi ya mawalii. Kama ujirani huo ni wa damu au wa sauti tu ni swali la wanaetimolojia; la hakika ni kwamba mmoja yuko ikulu na mwenzake yuko seli.

Tazama pia kitenzi 'tembea' na uzao wake. Anayetembelea ni mgeni wa kukaribishwa. Anayetembeza ni mchuuzi, na kila siku kati ya Gikomba na Muthurwa yuko mtu anayetembeza soksi, machungwa au mitumba huku jicho moja likiangalia kama kanjo wanakuja. Neno 'kanjo' lenyewe, linalomtaja askari wa jiji, latokana na jina la Kiingereza la baraza la jiji. Baraza hilo lilikwisha mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza, lakini jina halikufa, maana kazi ya kukimbizana haikufa.

Vijana wa Eastlands, mitaa inayotajwa na wengi kuwa chimbuko la Sheng, wameongeza maneno yao. Anayetafuta kazi kwa miguu, ofisi hadi ofisi, bahasha ya vyeti mkononi, husemwa 'anatarmac', neno lililotokana na lami ya barabara. Hakuna neno la Kiswahili sanifu linaloutaja mwendo huo kwa ufupi kama huu. Ni mwendo wenye kusudi na usio na kituo. Si uzururaji na si safari. Mhitimu wa chuo kikuu anayetoka Kayole au Umoja alfajiri kwenda mjini, akarudi jioni bila kazi, sheria ya 1920 ingemwita mzururaji. Mtaa humwita mtu anayetarmac, na kwa neno hilo moja humrudishia heshima yake. Neno 'chokoraa' nalo, ambalo ni jina la mtoto wa mitaani, halitokani na mwendo bali na kitenzi 'kuchokora', yaani kudukua kwa ncha, kama afanyavyo anayepekua taka akitafuta cha kula au cha kuuza. Jina hilo lauma, na haifai kulipamba. Lakini angalau limeona kwamba mtoto yule ana kazi anayoifanya.

Kamusi na askari

Hapa ndipo deni la wasomi linapojitokeza. Kamusi zetu humweleza mzururaji kuwa mtu anayetembea ovyo bila shughuli. Fasiri hiyo inaonekana haina upande, lakini inaficha swali: ni nani aliyeuliza shughuli yake? Anayemtazama mwenzake akipita hawezi kujua kama ana shughuli au hana, isipokuwa awe na mamlaka ya kumsimamisha. Fasiri ya kamusi imeandikwa kutoka mahali anaposimama askari.

Linganisha na 'safari'. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, likakaa katika Kiswahili, na karne ya 19 Waingereza wakalichukua kwa ajili yao wenyewe. Theodore Roosevelt alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1909 baada ya kumaliza urais wa Marekani, alizunguka mbugani kwa miezi mingi pamoja na wapagazi wengi, akiwinda wanyama. Hiyo ikaitwa safari duniani kote. Hakuna aliyemwuliza riziki yake aipata wapi. Basi Mwingereza alituachia jina la mhalifu kwa ajili ya mwendo wetu, naye akachukua jina letu zuri kwa ajili ya mwendo wake. Biashara ya maneno haijapata kuwa na hasara kubwa kuliko hiyo.

Hata utafiti wa lugha ya mitaa haukuepuka macho ya askari. Kamusi ya Sheng na Kiingereza ya Mbaabu na Nzuga, iliyochapishwa na TUKI mwaka 2003, ni kazi ya kushukuriwa, kwa kuwa ilithubutu kukusanya kile ambacho wengi walikidharau. Hata hivyo, jina lake la pili laiita Sheng lugha ya ulimwengu wa wahalifu wa Afrika Mashariki. Mama muuza mboga wa Makadara, kondakta wa Jogoo Road na mwanafunzi wa Buruburu wakajikuta, kwa jina la kitabu tu, wamehesabiwa miongoni mwa wahuni.

Na 'mhuni' lenyewe ni shahidi mwingine. Andrew Burton, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Dar es Salaam ya kikoloni, ameonyesha jinsi neno hilo lilivyokuwa chombo cha watawala na cha wazee wa mjini cha kuwataja vijana waliokuja kutafuta maisha. Uhuru haukulifuta. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga Sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioitwa wazururaji wakakusanywa mijini na kupelekwa mashambani. Safari hii sheria haikuwa na Kilatini ndani yake. Ilisemwa kwa Kiswahili fasaha, na wenye kuisema walikuwa ndugu.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba lawama hii imezidi kiasi. Watasema kuwa Waswahili walimdharau mzembe kabla Mwingereza hajatia nanga Mombasa, na kwamba zurura halikuwa neno la sifa hata kwa mabibi zetu. Hoja hii ina ukweli. Lakini jamii iliyomkemea mzururaji ndiyo hiyo hiyo iliyosema tembea uone, na iliyosema pia kuwa mkaa bure si sawa na mtembea bure. Methali hiyo ya pili inakiri kwamba mtu anaweza kutembea bure, bila shughuli yoyote, na bado akamshinda aliyekaa. Mzazi alimkemea mwana ili arudi nyumbani. Sheria ilimkamata mtu ili imtoe nyumbani. Kemeo na kifungo si kitu kimoja, hata vikitumia neno moja.

Wengine watasema kwamba maneno ni maneno tu, na kwamba maskini wa Eastlands wanahitaji kazi wala si fasiri mpya za kamusi. Hapana shaka kazi ni bora kuliko fasiri. Lakini mtu hukamatwa kwa neno. Hakimu hasomi njaa. Husoma hati ya mashtaka. Ndiyo maana mahakama zenyewe zimeanza kuyachunguza maneno haya. Kenya iliifuta sheria yake ya uzururaji mwaka 1997, katika mageuzi yaliyotangulia uchaguzi wa mwaka huo. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume cha Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake wala si kwa tendo lake. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilivibatilisha vifungu vya aina hiyo. Ikiwa majaji wameona ubovu wa neno, je, wanaleksikografia wataendelea kulichapa bila kulitazama mara ya pili?

Kundi la tatu ni la watetezi wa usanifu wanaohofu kwamba kuyapokea maneno kama 'kutarmac' ni kukiua Kiswahili. Hawa wakumbushwe mkasa wa 'solivagant'. Neno hilo lilikuwa safi, lenye nasaba ya Kilatini isiyo na doa, na lilikufa kwa kukosa mtu wa kulisema. Wakumbushwe pia habari njema ya 'kuvinjari'. Lilikuwa neno la mabaharia lililokuwa likififia. Wataalamu wa tarakilishi waliposhughulikia tafsiri za programu, wakaliokota, na leo kijana wa Dandora anayefungua intaneti katika simu yake anatumia kivinjari. Neno la kutangatanga baharini limepata bahari mpya. Hakuna aliyekufa kwa hilo, na Kiswahili kimeongezeka.

Lifanyike nini?

Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni vinaweza kuufanya msamiati wa mwendo kuwa mradi wa ukusanyaji. Mabasi ya kutoka Kenyatta au Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Kaloleni, Bahati, Jericho na Mbotela hayachukui siku nzima. Wako wazee waliobeba karatasi za kikoloni mfukoni, na kila mwaka idadi yao inapungua. Waulizwe waliitwa nani walipokuwa wakitembea, na wao wenyewe walijiitaje. Majibu ya maswali hayo mawili hayatafanana, na tofauti yake ndiyo makala ya kesho.

Pili, wanaoandaa matoleo mapya ya kamusi waifikirie upya fasiri ya mzururaji na ya mhuni. Haihitajiki kuyafuta. Inatosha kuonyesha kwamba maneno haya yamewahi kutumika kama maneno ya sheria, na kutenganisha mwendo wenyewe na hukumu juu ya mwendo. Fasiri isiyosema historia ya neno humfanya msomaji aamini kwamba hukumu ile ni ya lugha, wala si ya watawala.

Tatu, watafsiri wa sheria wawe macho. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi katika Ibara ya 7, na katika Ibara ya 39 imempa kila mtu uhuru wa kwenda atakako. Sheria na kanuni nyingi bado zangoja kutafsiriwa. Mtafsiri atakayeandika 'mzururaji' kila akutanapo na mtu asiye na makao atakuwa amekirudisha kipande kwa mlango wa nyuma.

Hitimisho

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kuonyesha njia. Ken Walibora, katika Siku Njema ya mwaka 1996, alimtoa Kongowea Mswahili kutoka Tanga na kumpitisha nchi mbili akimtafuta baba yake. Msomaji humfuata kijana huyo asiye na kitu, akilala alipochelewa, wala hamwiti mzururaji hata mara moja, kwa sababu anajua anachokitafuta. Mwaka 2020 mwandishi mwenyewe aliaga dunia baada ya kugongwa na matatu katika Barabara ya Landhies, kando ya Muthurwa, mahali wanapopita kila siku maelfu ya watu wa Eastlands kwa miguu.

Kila mmoja wa maelfu hayo ana anachokitafuta. Lugha isiyokijua haina budi kuuliza kwanza, kabla ya kumpa mtu jina.